Kasia Moja Nyuma ya Mashua: Mazungumzo na Wananchi wa Kabati

Mazungumzo haya yalitolewa sokoni Kabati na fundi wa mbao, mzaliwa wa hapa, aliyefanya kazi ya kuunda na kukarabati mashua Kilifi kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Mkutano ulihusu usalama majini kabla ya mvua za Novemba. Tunayachapisha karibu yote, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.

 

Najua mnajiuliza: Kabati na mashua wapi na wapi? Hapa tunauza maharagwe, ndengu, mbuzi na maembe. Maji tunayoyajua ni ya mtungi, ya bomba siku yakija, na ya silanga. Sasa huyu mzee anashuka barabarani na mti wa mita 4 begani, anasema ni kasia. Kuna kijana aliniuliza pale stejini kama nimeleta mwiko wa harusi.

Basi tuanze na hilo. Maji ya bomba ya mji wa Kitui yanatoka Masinga. Ya Mwingi yanatoka Kiambere. Mabwawa hayo yako kwenye mto Tana, pamoja na Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Masinga lilikamilika mwaka 1981, na likijaa linafunika eneo la kilomita mraba zipatazo 120. Kiambere likafuata mwaka 1988. Hayo ni maziwa, ndugu zangu, hata kama tunayaita mabwawa. Na vijana wetu wanakwenda huko. Shamba likikauka, kijana wa Kabati hupanda matatu, akaunga na wenzake, akavua ngege na kambare. Hakuzaliwa majini. Baba yake hakuwa mvuvi. Anajifunzia kazini, na maji hayafundishi mara mbili.

Nitawaambia jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kisha nitawaonyesha mti huu.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Kilifi, nikaenda kumtazama jamaa yangu katika moja ya mabwawa hayo. Saa nane mchana mashua moja ilikuwa inarudi, imebeba watu watano na nyavu mbichi. Injini ikazima. Tukaona kutoka ukingoni mmoja wao akivuta kamba ya injini, anavuta, anavuta. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka. Mashua isiyo na mwendo haina usukani, hata ukishika usukani kwa mikono miwili. Ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia. Ndani hamkuwa na kasia hata moja. Walikuwa na ubao mmoja wa kukalia, wakaung'oa, wakajaribu kupiga nao maji. Kijana mmoja akaona ufuo si mbali, akaruka aogelee. Wanne waliobaki waliteka maji kwa debe, na baada ya kama saa moja upepo wenyewe ukawasukuma hadi matopeni, wakashuka wakiwa hai. Yule aliyeruka tulimpata siku ya tatu.

Siwezi kuapa kwamba kasia lingemwokoa. Lakini mashua ile ilihitaji kitu kimoja tu: mwendo kidogo, wa kuelekeza omo kwenye mawimbi. Mwendo wa mtu anayetembea polepole ungetosha. Ndiyo maana nimekuja na mti huu.

Kasia hili asili yake ni Uchina. Wachina wanaliita lu, na wametumia kasia la namna hii kwa karne nyingi sana katika mito yao na bandari zao, kwenye mashua ndogo zinazoitwa sampani. Wajapani nao wana la kwao, wanaliita ro. Msishangae mambo ya Uchina kufika kwetu. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga Uchina, zawadi kwa mfalme wa huko, na baada ya hapo meli za jemadari Zheng He zikafika pwani yetu. Sarafu ya Kichina ya enzi hiyo ilichimbuliwa Mambrui mwaka 2010, na nyingine kisiwani Manda mwaka 2013. Ukienda Gedi utaona vigae vya sahani za Kichina. Na sisi wenyewe tulikuwa watu wa njia: Kivoi wa Mwendwa, mtu wa Kitui hii hii, alikuwa akiongoza misafara hadi Mombasa kabla ya reli kuwaziwa. Ujuzi husafiri na watu. Mimi huu nilioushika niliupata kwa mgeni mmoja Kilifi.

Mgeni huyo alikuwa na mashua ndogo ya tanga, ya mita 6 hivi. Siku moja jioni tulitoka naye kuijaribu baada ya kuitengeneza. Tukiwa karibu na mlango wa hori, upepo ukatulia. Tanga likaning'inia kama nguo kwenye kamba. Maji yalikuwa yanapwa, yanatuvuta nje kuelekea miamba. Nikakimbilia injini ndogo tuliyokuwa nayo: haikuwaka. Nilianza kuomba Mungu. Yeye akafungua kasia refu lililokuwa limelazwa juu ya sitaha, akaliweka juu ya chuma kule tezi, akafunga kamba moja, akasimama, akaanza kulisukuma na kulivuta, kulisukuma na kulivuta, kama mama anayechekecha unga. Mashua ikaenda. Haikuruka, lakini ilienda. Alitutoa kwenye mkondo, tukakaa kando penye maji mafupi, tukatia nanga. Usiku huo nilishindwa kulala. Nilikuwa nimejenga mashua miaka 11 na sikuwa nimeona kitu kama kile.

Sasa tazameni. Makasia ya kawaida ni mawili. Unakaa, umegeuza mgongo kule unakokwenda, unavuta, unayatoa majini, unayarudisha, unayatia tena. Nusu ya kazi yako inafanyika hewani. Tena yanataka nafasi pande zote mbili, na mashua ya tanga yenye ubavu mrefu hayakai vizuri. Kafi nalo ni zuri kwa mtumbwi mwembamba, lakini mtie mtu mmoja mwenye kafi katika mashua pana yenye nyavu na watu watano, atachoka kabla hajafika popote.

Hili ni moja. Linakaa nyuma, katikati ya tezi. Unasimama, unatazama mbele kule uendako. Na bapa lake halitoki majini kamwe. Linakwenda kushoto, linakwenda kulia, ndani kwa ndani. Mmeona mkia wa samaki? Samaki hapigi maji kwa kuunyanyua mkia wake. Anautikisa, na kila upande unaoelekea unamsukuma mbele. Kasia hili ndilo mkia wa mashua.

Siri iko wapi? Siri ni mbili. Ya kwanza ni kupinda. Njooni karibu mwone. Kasia hili si mti mmoja ulionyooka. Ni vipande viwili, mpini na bapa, vimeunganishwa kwa pembe ndogo, kwa hiyo mpini unainama chini kidogo. Ukiusukuma mpini kando, kwa sababu ya kule kuinama, kasia lote linataka kujizungusha, na bapa kule majini linalala mshazari. Likilala mshazari, maji yanasukumwa nyuma, mashua inakwenda mbele. Ukivuta kurudi, bapa linalalia upande wa pili lenyewe. Hukunji kifundo cha mkono. Wazungu wenye kasia la nyuma lililonyooka wanalazimika kuligeuza kwa mkono kila mara, na mwanafunzi huchukua siku nyingi kulizoea. Hili linajigeuza.

Siri ya pili ni kamba. (Kicheko.) Ndiyo, sisi ni Wakamba, na siri ya kasia hili ni kamba! Bapa likifanya kazi, nguvu ya maji hulivuta chini na mbele, na mpini unataka kupaa juu. Kamba hii fupi inafungwa kwenye ncha ya mpini, inashuka wima hadi kwenye pete iliyopigwa kwenye sakafu ya mashua. Ndiyo inayozuia mpini usipae, na ndiyo inayolibana kasia juu ya chuma chake lisiruke. Mkono wako haubebi uzito. Kazi ya mkono ni kwenda na kurudi tu, na mkono mmoja ukichoka unaweza kushika kamba yenyewe kwa mkono wa pili, ukasaidia.

Mimi la kwanza nililotengeneza lilinishinda. Nililifanya mti ulionyooka, kwa sababu niliona kupinda ni mapambo. Likapiga maji kama fimbo, mashua ikatikisika bila kwenda popote. La pili nililipinda, lakini kamba nikaifanya ndefu. Kila mara ya tatu kasia liliruka kutoka kwenye chuma, na siku moja lilinipiga kidevuni mbele ya vijana wangu wa kazi. Nikafupisha kamba mpaka mpini ukakaa usawa wa kiuno changu, nikiwa nimesimama. Hapo ndipo likatulia. Nawaambia haya ili kijana atakayejaribu asikate tamaa siku ya kwanza.

Vipimo nilivyotumia mimi ni hivi, kwa mashua ya mita 5. Kasia zima ni mita 4. Chuma kinakaa takriban theluthi moja kutoka ncha ya mpini, theluthi mbili zinakwenda nje na chini majini. Bapa ni urefu wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 16 hivi, upande mmoja bapa kabisa, upande mwingine umetuna kidogo katikati na kuchongwa kuelekea kingo. Mahali pa kuunganisha nimetia boliti mbili na kuzungusha kamba kwa nguvu. Kile chuma cha tezi ni boliti yenye kichwa cha mviringo, na chini ya kasia nimepigilia kipande cha mti mgumu chenye kishimo kinachokaa juu ya kichwa hicho, kilegee kidogo. Kikikaza, kasia halitajigeuza.

Mti gani? Huu hapa ni mukau. Mnaujua, uko mashambani kwenu, na watu wa utafiti wa misitu pale Tiva wamekuwa wakikuza miche yake kwa miaka mingi. Mchwa hauuwezi kirahisi, unachongeka, na una uzito wa kutosha. Kasia hili halitaki mti mwepesi unaoelea kama boya, kwa sababu bapa linapaswa kubaki ndani. Na kuhusu kuchonga, sidhani kuna mtu wa kutufundisha. Ng'ambo ya Athi, Wamunyu, wazee wamekuwa wakishika tezo tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika na kazi ya kuchonga baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mtu anayeweza kuchonga shingo ya twiga hawezi kushindwa na mpini wa kasia.

Kutumia ni hivi. Simama, miguu mbali kidogo, ubavu mmoja ukielekea tezi. Anza polepole, kwa upana mdogo. Usishindane nalo. Sikiliza: likifanya kazi vizuri halipigi kelele, unasikia maji yakizunguka tu nyuma. Likichapa na kurusha maji, unakwenda haraka mno au kamba imelegea. Kukata kona, sukuma kwa nguvu zaidi upande mmoja na urudi polepole. Kurudi nyuma ni kazi, kwa hiyo usiingie mahali pembamba kwa pupa. Ukifika penye maji mafupi na mchanga, linyanyue mapema; bapa likigota chini, litavunja kiungo.

Na kwenye tanga lina faida moja ambayo sikuitarajia. Mabwawani, asubuhi maji hulala kama kioo, mchana upepo huja na fujo. Mwenye tanga peke yake hukaa asubuhi nzima akisubiri, kisha mchana anarushwa. Mimi natoka asubuhi kwa kasia, nikitega, na upepo ukianza kupanda niko ukingoni tayari. Petroli ile ambayo ningechoma iko nyumbani kama unga.

Kuna mambo ambayo halitafanya, na nataka myasikie kwa sauti ile ile. Halitakupeleka haraka. Upepo mkali ukikukabili, halitaushinda. Litakushikilia tu uelekee vizuri, na hilo ndilo nililolitaka kwa wale vijana watano. Halifukuzi mamba wala kiboko. Na halichukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha. Ukiniuliza nichague kimoja, kasia hili au jaketi, nitakuambia vaa jaketi kwanza, kisha tuzungumze habari za kasia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila mashua ya kijana wa Kabati inayotoka, iwe na injini au haina, ibebe njia ya pili ya kwenda: kasia hili, au makasia mawili, au kafi nzuri. Isibebe ubao wa kukalia. Mashua isajiliwe jinsi Mamlaka ya Usafiri wa Baharini inavyotaka, maana sheria hiyo inahusu hata maji yetu ya bara. Watu wahesabiwe, wasizidi. Na mashua ikijaa maji lakini bado inaelea, usiiache. Ishike. Mashua inaonekana kutoka mbali. Kichwa cha mtu hakionekani.

Kwa vyuo vya ufundi vya vijana: mkinipa nafasi, nitafundisha bure kasia la kwanza. Tufanye mwethya. Mbao moja mtu huyu, boliti mtu yule, kamba yule mwingine. Mama zetu walichimba mitaro ya mashamba haya kwa mwethya. Hatushindwi na kasia.

Hayo ndiyo yangu. Kama kuna swali, niko hapa.

Swali (mzee wa kijiji): Injini si ndiyo maendeleo? Kwa nini turudi kwenye mti?

Jibu: Mzee, sisemi mtupe injini. Gari lako lina magurudumu manne mazuri, lakini huendi Nairobi bila la tano. Mzungu aliyenifundisha alikuwa na injini pia. Siku ile haikuwaka.

Swali (mama muuzaji wa samaki): Mwanamke anaweza, au ni kazi ya wanaume wenye mabega?

Jibu: Mwaitu, umeniuliza swali zuri kuliko yote. Kule kwa wenyewe, kwenye bandari za kusini mwa Uchina, wanawake wengi ndio waliokuwa wakiendesha sampani, wamesimama tezi wanapiga kasia hili huku mtoto amefungwa mgongoni. Linataka mwendo sawasawa, si mabega. Anayetwanga kwenye kinu saa nzima bila kukosea tayari amekwisha kujua nusu. Binti yangu analipiga vizuri kuniliko, na hilo nalisema asipokuwepo.

Swali (mwanafunzi wa shule ya msingi): Ukiwa na kasia hili, unaweza kuvuka mto ukiwa umefurika?

Jibu: Hapana, mwanangu. Njoo hapa mbele, nataka wote wasikie jibu hili.

Hapana. Mnakumbuka Enziu, tarehe 4 Desemba 2021. Lilikuwa basi, kubwa kuliko mashua yoyote niliyojenga, limejaa wanakwaya wakielekea harusini. Maji yalifika juu ya kivuko, watu wakaona barabara iko pale pale chini. Zaidi ya watu 30 hawakurudi. Na Aprili 2024, kule Madogo, mashua iliyobeba watu kuvuka maji ya Tana yaliyofurika ilizama. Mto wa msimu ukishuka na mchanga, na magogo, na mawe, hauna mahali pa kushika kasia. Bapa langu lingevunjika kabla sijalivuta mara ya pili. Silanga lina ukingo. Ziwa lina ukingo. Mto uliofurika ukingo wake unatembea.

Kasia hili ni la maji yanayokaa. Maji yanayokimbia, dawa yake ni kungoja. Keti upande wako, hata kama harusi ni leo, hata kama mtihani ni kesho. Mwalimu wako atakuelewa, na asipokuelewa mwambie aje aniulize mimi. Mto wa hapa kwetu hujaa jioni na asubuhi umebaki mchanga. Unangoja usiku mmoja tu. Mtu ameng'olewa na maji kwa sababu ya usiku mmoja.

Rudi ukakae, umeuliza vizuri. Atakayetaka kulishika kasia, tuko hapa chini ya mti hadi saa kumi. 

Kwa dharura za majini na mafuriko, piga 999 au 112 bila malipo, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Taja jina la mto au bwawa, upande uliopo, na idadi ya watu walio majini.